Matege na magoti yanayogongana kwa watoto wadogo: namna ya kupima, kufuatilia na kutibu bila upasuaji

Kati ya watoto wadogo wanaopelekwa kliniki kwa sababu ya matege au magoti yanayogongana, wengi hawana ugonjwa wowote. Miguu yao inapita katika hatua ya kawaida ya ukuaji na itanyooka yenyewe. Walio wagonjwa ni wachache, lakini hao ndio wanaopaswa kutambuliwa mapema, kwa sababu magonjwa mengi yanayopinda magoti ya mtoto yanatibika bila kisu endapo tiba itaanza wakati mifupa bado ina miaka mingi ya kukua. Mwongozo huu unamhusu mzazi, mlezi na mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii anayetaka kujua namna ya kutofautisha makundi hayo mawili, kupima miguu nyumbani na kuweka kumbukumbu, na kuelewa ni tiba ipi inafaa kwa chanzo kipi. Uamuzi wa kiwango cha dawa na wa kuvalisha vifaa hubaki kwa daktari aliyemwona mtoto.

Anza na umri wa mtoto

Swali la kwanza ni umri, kwa sababu upindo wa kiasi kilekile unaweza kuwa wa kawaida kwa mtoto wa miezi 14 na kuwa dalili ya ugonjwa kwa mtoto wa miaka mitatu. Mtoto huzaliwa magoti yakiwa yameachana, kwa kadiri ya digrii 10 hadi 15, kutokana na jinsi alivyojikunja tumboni mwa mama yake. Upindo huo hupungua kadiri anavyokua, na kati ya miezi 18 na 24 miguu huwa imenyooka au inakaribia kunyooka. Mabadiliko hayaishii hapo. Baada ya miaka miwili magoti huanza kusogeleana, na kwa mtoto wa miaka mitatu hadi minne yanaweza kugongana kiasi cha kumtia hofu mpya mzazi aliyekuwa amefurahi kuona matege yamekwisha. Hali hiyo nayo hupungua polepole, na kufikia miaka 7 hivi mtoto huwa na umbo la miguu atakalokuwa nalo ukubwani, yaani magoti yaliyoelekea ndani kidogo tu, digrii 5 hadi 7. Mfuatano huu uliwekwa wazi mwaka 1975 na watafiti wawili wa Finland, Salenius na Vankka, waliochunguza miguu ya watoto zaidi ya 1,000, na hadi leo madaktari wa mifupa huutumia kulinganishia.

Kwa hiyo matege ya miguu yote miwili, yaliyolingana, kwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache anayekula vizuri na kurefuka ipasavyo, ni jambo la kutarajiwa. Matege yaleyale yakibaki au kuongezeka baada ya miaka miwili yanahitaji uchunguzi. Vivyo hivyo, magoti yanayogongana kwa mtoto wa miaka mitatu na nusu hayashangazi, lakini yakionekana kabla ya miezi 18, au yakiwa bado yamegongana sana baada ya miaka 7, mtoto apelekwe hospitali.

Hapa inafaa kuondoa mzigo mmoja unaobebeshwa akina mama isivyo haki. Kumbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko hakupindi mifupa, wala nepi nene haisababishi matege. Mtoto mwenye afya anayesimama mapema kwa nguvu zake mwenyewe hana haja ya kuzuiwa. Ni kweli kwamba katika ugonjwa wa Blount, utakaoelezwa mbele, kutembea mapema pamoja na uzito mkubwa huonekana mara nyingi, lakini hata huko hakuna tiba ya kumketisha mtoto kwa nguvu, na mama aliyelaumiwa na majirani kwa sababu ya mbeleko hana kosa.

Namna ya kupima nyumbani

Kinachohitajika ni futi laini ya fundi cherehani, mahali pagumu pa kumlaza mtoto, na kadi yake ya kliniki au daftari. Mlaze chali akiwa amevaa nepi tu, baada ya kunyonya au kula ili atulie. Nyoosha miguu yote miwili taratibu bila kulazimisha, kisha izungushe mpaka pia za magoti zitazame juu moja kwa moja. Hatua hii ya mwisho husahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo inayoharibu vipimo vingi, kwa kuwa mguu uliogeukia ndani au nje huonekana umepinda kuliko ulivyo. Mtoto anayeweza kusimama kwa utulivu anaweza pia kupimwa akiwa wima, pia za magoti zikitazama mbele.

Kama ni matege, unganisha vifundo vya ndani vya miguu vigusane, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya magoti. Kama ni magoti yanayogongana, yasogeze magoti mpaka yagusane kidogo tu bila kubanana, kisha pima nafasi kati ya vifundo vya ndani. Andika tarehe, umri, nafasi kwa sentimita, na kama mtoto alipimwa akiwa amelala au amesimama, kwa sababu vipimo vya namna mbili havilinganishiki. Mtoto mnene anaweza kuonekana ana magoti yanayogongana kwa sababu tu ya unene wa mapaja, kwa hiyo kipimo chake kitazamwe kwa uangalifu zaidi.

Nafasi ya zaidi ya sentimita 6 kati ya magoti, au zaidi ya sentimita 8 kati ya vifundo, inatosha kuwa sababu ya kumwona daktari. Chini ya hapo, kinachotoa habari zaidi ni mwelekeo wa vipimo kuliko kipimo kimoja. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Mtoto ambaye nafasi yake inapungua kutoka sentimita 5 hadi 4 hadi 3 anapona mwenyewe mbele ya macho yako, na yule ambaye inaongezeka ana jambo la kuchunguzwa hata kama bado hajafika 6. Picha ya simu iliyopigwa kila mara mahali palepale, simu ikiwa katika usawa wa magoti na mtoto akiwa amesimama akitazama mbele, humsaidia sana daktari ambaye hakuwahi kumwona mtoto huyo miezi sita iliyopita.

Siku hiyohiyo ya kupima, angalia pia mwili mzima. Shika vifundo vya mikono na uone kama vimetuna kuliko kawaida. Pitisha vidole juu ya mbavu, upande wa mbele, uone kama kuna mstari wa vinundu. Linganisha urefu na uzito wake na mistari ya ukuaji iliyo kwenye kadi. Mtoto mwenye matege ambaye pia ni mfupi kuliko wenzake, anayechelewa kutembea au kuota meno, au aliyetuna vifundo vya mikono, hana tatizo la miguu peke yake.

Dalili zisizosubiri miezi mitatu

Zipo hali ambazo hazipaswi kufuatiliwa nyumbani hata kidogo. Mguu mmoja ukipinda na mwingine ukawa umenyooka, au upindo wa upande mmoja ukazidi sana wa pili, mtoto apelekwe hospitali, kwa sababu ukuaji wa kawaida hutenda miguuni kote kwa kiasi kinachokaribiana. Vivyo hivyo kwa mtoto anayechechemea, anayelalamika maumivu, ambaye goti lake linasukumwa nje kwa ghafla kila anapokanyaga, aliyewahi kuvunjika au kupata usaha katika mfupa karibu na goti, au ambaye ndugu zake wa damu ni wafupi na wenye miguu iliyopinda. Goti lililovimba na kuwa la moto kwa mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga ni dharura ya siku hiyohiyo. Usaha ndani ya kiungo unaweza kuharibu gegedu na sehemu ya ukuaji wa mfupa katika muda mfupi sana, na baadaye mguu ukapinda kwa namna ambayo dawa haiwezi kuurudisha.

Pale ambapo tiba ni kufuatilia

Mtoto ambaye umri wake unalingana na upindo wake, miguu yote miwili ikiwa sawa na ukuaji wake ukiwa mzuri, hahitaji dawa, viatu maalumu, vyuma wala mazoezi. Hili ni gumu kulikubali kwa mzazi aliyesafiri kutwa nzima na kulipa nauli ili aambiwe arudi baada ya miezi sita, lakini ndilo jibu sahihi. Viatu vya gharama vilivyoinuliwa upande mmoja havibadilishi umbo la goti la mtoto wa namna hii. Miguu ingenyooka hata bila viatu, na baadaye viatu hupewa sifa isiyo yao.

Zipo desturi zinazopaswa kuachwa kabisa. Kufunga miguu pamoja kwa kanga usiku hakunyooshi mfupa, na kwa mtoto mchanga kuna hatari kubwa zaidi: miguu iliyofungwa ikiwa imenyooshwa na kubanwa huweza kuvuruga ukuaji wa nyonga hadi zikateguka. Kumkanda mtoto kwa maji ya moto na kumvuta magoti kwa nguvu kunaweza kumuunguza au kumvunja, hasa kama mifupa yake ni laini kwa ugonjwa. Kumpaka mafuta na kumchua taratibu hakuna ubaya wowote, na mtoto hufurahi. Ila mzazi asihesabu kwamba hiyo ndiyo tiba ya matege, akachelewa kumpeleka anapohitaji kupelekwa.

Mifupa laini ya ukosefu wa vitamini D na kalsiamu

Katika Afrika Mashariki, hiki ndicho chanzo cha ugonjwa kinachostahili kufikiriwa kwanza, na pia ndicho kinachoitikia vizuri zaidi tiba isiyo ya upasuaji. Mfupa wa mtoto hurefuka katika sehemu laini iliyo karibu na kiungo, na sehemu hiyo inahitaji kalsiamu na fosfeti ili igeuke kuwa mfupa mgumu. Madini hayo yakikosekana, sehemu ya ukuaji hubaki laini na kutanuka, na mtoto anaposimama uzito wake huipinda. Ugonjwa huu, unaojulikana kitaalamu kama riketsi, huweza kuleta matege, magoti yanayogongana, au magoti yote mawili yaliyoelekea upande mmoja.

Wengi hujiuliza mtoto anawezaje kukosa vitamini ya jua katika nchi zenye jua la mwaka mzima. Jibu liko katika maisha ya kila siku. Mtoto anayelelewa ndani ya chumba cha kupanga katika mtaa uliobanana, anayetolewa nje akiwa amefunikwa blanketi zito, au anayeishi nyanda za juu zenye baridi na mawingu, hulipata jua kwa nadra. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe ili kutengeneza kiasi kilekile cha vitamini. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati huanza maisha na akiba ndogo, na watoto wanaotumia kwa muda mrefu dawa za kifafa kama fenobabitoni na fenitoini huipoteza vitamini hiyo haraka.

Hata mtoto anayecheza juani kutwa anaweza kuugua, endapo chakula chake hakina kalsiamu. Jambo hili lilionyeshwa wazi nchini Nigeria, katika mji wa Jos, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uligundua kwamba watoto wenye riketsi waliopewa kalsiamu, pamoja na vitamini D au bila hiyo, walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Somo hilo linatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa watoto wetu wengi huachishwa kunyonya na kuingia kwenye uji mtupu wa mahindi na ugali wa mboga kidogo. Nafaka zisizokobolewa, licha ya faida zake nyingine, zina fitati zinazoshikilia kalsiamu isifyonzwe tumboni, na mchicha una oksaleti inayofanya vivyo hivyo.

Utambuzi hufanywa kwa eksirei ya goti au ya kifundo cha mkono, ambayo huonyesha sehemu ya ukuaji iliyotanuka na mwisho wa mfupa uliochakaa na kubonyea, pamoja na vipimo vya damu vya kalsiamu, fosfeti na kimeng'enya cha alkalaini fosfatesi, ambacho hupanda. Zahanati nyingi hazina vipimo hivyo, hivyo rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa ni ya lazima, na ni vyema kuiomba waziwazi.

Makubaliano ya kimataifa ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2016 yanapendekeza kwamba mtoto mwenye riketsi aliye chini ya miezi 12 apewe yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, na mwenye umri wa mwaka mmoja hadi miaka 12 apewe yuniti 3,000 hadi 6,000 kila siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Pamoja nayo hupewa kalsiamu miligramu 500 kwa siku, kutoka kwenye chakula au vidonge, hata kama chakula chake kinaonekana kizuri. Baada ya hapo huendelea na kiwango cha kinga, yuniti 400 kwa mtoto mchanga na 600 kwa aliyevuka mwaka. Mahali ambapo familia haiwezi kurudi kliniki mara kwa mara, daktari anaweza kuchagua dozi moja kubwa inayotolewa mara moja. Mzazi asiirudie dozi hiyo kwa kununua dawa duka la dawa, wala asichanganye matone ya kila siku na dozi kubwa bila kuulizia, kwa sababu vitamini D ikizidi mwilini hupandisha kalsiamu katika damu. Mtoto hutapika, huona kiu sana, hupata choo kigumu, na figo zake huweza kuumia.

Jikoni ndiko sehemu kubwa ya tiba hufanyika, na si lazima iwe ghali. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kalsiamu miligramu 300 hivi, na mtindi au maziwa lala yana kiasi kinachokaribia hicho. Unga wa ulezi unazidi nafaka nyingine zote tunazopikia uji, kwa kuwa gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300. Kuuloweka au kuuchachusha ulezi kabla ya kupika hupunguza fitati na kuiachia kalsiamu. Dagaa wanaoliwa wazima, mifupa ikiwemo, ni chanzo bora kwa familia isiyo na ng'ombe. Waoshwe mchanga na chumvi, wakaushwe, wasagwe wawe unga laini, na kijiko chake kichanganywe kila siku katika uji au mboga ya mtoto aliyetimiza miezi sita. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja aendelee kunyonya, na maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu. Kila siku atolewe nje, mikono na miguu ikiwa wazi, wakati jua si kali. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwa sababu kioo huzuia miale inayohitajika.

Baada ya miezi mitatu ya tiba, eksirei hurudiwa, na dalili njema ni mstari mweupe wa mfupa mgumu unaojitokeza mwishoni mwa mfupa. Miguu yenyewe hunyooka polepole zaidi kuliko damu na picha zinavyobadilika. Inaweza kuchukua mwaka mmoja hadi miwili, na mtoto mdogo hunyooka vizuri kuliko aliyechelewa. Wakati mifupa bado ni laini, usikubali avalishwe vyuma wala apelekwe upasuaji wa kunyoosha, kwa sababu mfupa ambao chanzo chake hakijatibiwa utapinda tena.

Kama hakuna mabadiliko yoyote katika picha baada ya miezi mitatu ya dawa iliyotumiwa vizuri, mtoto asiongezewe tu vitamini. Huenda ana riketsi ya kurithi ambamo figo humwaga fosfeti kwenye mkojo, na yeye huhitaji fosfeti pamoja na vitamini D iliyo tayari kutenda kazi mwilini, chini ya uangalizi wa karibu. Tangu mwaka 2018 ipo pia dawa ya sindano iitwayo burosumabu kwa aina hiyo, ingawa gharama yake ni kubwa mno kwa familia nyingi. Magonjwa ya figo na ya ini nayo huleta riketsi isiyosikia dozi za kawaida.

Maji na magadi: jambo la pekee la ukanda wa Bonde la Ufa

Wazazi wa Arusha, Arumeru na sehemu nyingine zilizo karibu na milima ya volkano wanajua meno ya kahawia yanayoletwa na maji yenye floraidi nyingi. Kisichojulikana kwa kiasi hicho ni kwamba floraidi ikizidi sana kwa mtoto anayekua huathiri mifupa, na katika maeneo hayo wapo watoto ambao magoti yao yamepinda vibaya kwa sababu hiyo, hasa wanapokosa pia kalsiamu. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya maji kuzunguka Mlima Meru hukivuka mara nyingi.

Tiba hapa huanzia kwenye ndoo. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Yanayosaidia ni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kwa ajili ya kunywa na kupikia, kuchota kwenye chanzo kilichopimwa kuwa salama, au kutumia chujio la mkaa wa mifupa, ambalo limefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mkaa huo huchoka, kwa hiyo ni lazima ubadilishwe kwa ratiba inayotolewa na aliyeuuza chujio. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi yanaweza kuwa na floraidi nyingi, hususani yale yanayotoka upande wa Ziwa Natron. Chakula cha mtoto kipikwe bila magadi, maharage yakilowekwa usiku kucha ili kuokoa kuni. Ninaliweka jambo hili mbele ya mazungumzo yote ya vyuma na kisu katika maeneo hayo, kwa kuwa mtoto anayerudi kwenye maji yaleyale hurudi pia kwenye upindo uleule.

Ugonjwa wa Blount na vifaa vya kuvaa

Ugonjwa huu, ulioelezwa kwa kina na Walter Blount wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1937, huathiri sehemu ya ukuaji iliyo juu ya muundi, upande wa ndani. Upande huo hukua polepole kuliko wa nje, na matege huongezeka badala ya kupungua baada ya miaka miwili. Huonekana zaidi kwa watoto wenye asili ya Afrika, wenye uzito mkubwa na waliotembea mapema, unaweza kuwa wa mguu mmoja au yote miwili, na goti husukumwa nje mtoto anapokanyaga.

Katika hatua za mwanzo ni vigumu kuutofautisha na matege ya kawaida. Daktari hupima kwenye eksirei pembe iliyo juu ya mfupa wa muundi: ikiwa digrii 9 au chini, uwezekano ni mkubwa kwamba matege yatanyooka yenyewe; ikiwa digrii 16 au zaidi, uwezekano wa Blount ni mkubwa; na kwa walio katikati, picha hurudiwa baada ya miezi mitatu hadi sita.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu na ambaye ugonjwa bado uko katika hatua mbili za kwanza, madaktari wengi hujaribu kifaa kirefu kinachoanzia pajani, kupita goti na kuishia kwenye wayo, ambacho hulisukuma goti kuelekea ndani. Kifaa hufanya kazi mtoto anapokanyaga, kwa hiyo kuvaliwa usiku tu hakutoshi. Huvaliwa muda mwingi wa siku, na kuondolewa wakati wa kuoga na kukagua ngozi. Kabla ya kukivaa, mvalishe soksi ndefu ya pamba isiyo na mikunjo. Kila jioni tazama ngozi juu ya goti, pajani na kwenye kifundo. Wekundu unaoisha ndani ya nusu saa ni wa kawaida, lakini usioisha au malengelenge ni sababu ya kurudi kwa fundi akirekebishe kabla kidonda hakijaanza. Kwa kuwa mtoto hukua, kifaa hupimwa upya kila baada ya miezi michache. Mafundi wa vifaa hivi hufunzwa Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichopo kwenye eneo la hospitali ya KCMC tangu mwaka 1981, na wahitimu wake wanapatikana katika hospitali nyingi za Tanzania na nchi za jirani.

Ni haki mzazi aelezwe kwamba ushahidi wa vifaa hivi haujakamilika, kwa sababu baadhi ya watoto waliovalishwa huenda wangenyooka hata bila kuvaa, na wale wazito sana au wenye ugonjwa wa miguu yote miwili hufanikiwa kwa nadra zaidi. Pamoja na hayo, kujaribu kwa uangalifu kunafaa, mradi kuwe na kikomo: mabadiliko yasipoonekana ndani ya mwaka mmoja, uamuzi wa upasuaji ufanywe kabla mtoto hajavuka miaka minne, kwa sababu baada ya hapo ugonjwa hurudi mara nyingi hata ukishanyooshwa. Kuendelea na chuma kwa miaka mingi kwa kuogopa kisu humgharimu mtoto nafasi hiyo.

Goti lililokunjukia mbele, na goti lisilonyooka

Mara chache mtoto huzaliwa goti likiwa limekunjukia mbele, mguu ukielekea kifuani. Mwonekano wake hutisha, lakini wengi hupona bila upasuaji wakianza ndani ya siku za kwanza. Mtaalamu hulikunja goti taratibu, kidogo kidogo, na kulishikilia kwa plasta, ambayo wengi tunaiita hogo, inayobadilishwa kila wiki mpaka goti likunjike kufikia digrii 90. Nyonga na nyayo zichunguzwe pia, kwa kuwa kuteguka nyonga na kifundo kupinda mara nyingi huandamana na hali hii. Mama aliyejifungulia nyumbani au zahanati asingoje siku arubaini zipite.

Goti lisilonyooka kwa sababu ya mtindio wa ubongo au kovu la moto hutibiwa kwa kunyooshwa polepole kila siku na mtaalamu wa fiziotherapia anayemfundisha mzazi, kwa banzi la usiku, na kwa plasta zinazobadilishwa kwa mfululizo. Hapa mazoezi yana nafasi yake kamili, kwa sababu kilichojikaza ni misuli na ngozi. Hayo ni tofauti na matege, ambayo upindo wake uko ndani ya mfupa.

Unapokwenda kwenye rufaa

Beba kadi ya kliniki, daftari la vipimo, picha za simu zenye tarehe, eksirei za awali hata kama ni za zamani, na dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake. Mweleze daktari mtoto alianza kutembea na umri gani, anakula nini kwa siku ya kawaida, mnachota wapi maji, na kama kuna ndugu mwenye miguu ya namna hiyo. Uliza maswali matatu kabla ya kutoka: chanzo ni nini, tiba hii itapimwaje kama imefanya kazi, na tarehe ya kurudi ni ipi. Hospitali kama CCBRT na MOI jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi, CURE Kijabe nchini Kenya na CoRSU nchini Uganda zina wataalamu wa mifupa ya watoto. Ukiambiwa mtoto avae kifaa au atumie dawa bila kupigwa eksirei wala kuelezwa chanzo, una haki ya kuomba barua ya rufaa uende kwenye mojawapo ya hospitali za namna hiyo.